Mwandiko wa Kadi Umeharibika: Tatizo Liko Wapi?

Siku tisa kabla ya harusi, katibu wa kamati alinipigia simu kutoka Mbagala. "Kaka, mbona kadi zinasema Fatu? Bibi harusi wetu anaitwa Tatu." Nikachukua kadi moja iliyobaki mezani, nikaisogeza dirishani. Herufi ilikuwa T. Niliipanga mwenyewe na kuihakiki mwenyewe, lakini niliihakiki nikiwa ninalijua jina, na hapo ndipo nilipojidanganya. Katika fonti ile T na F ni mapacha: shina lilelile lililopinda, paa lilelile la wimbi juu yake. Kinachozitenganisha ni kijistari kimoja kinachokatiza shina la F katikati. Kwenye kadi yangu mkia wa T ulipanda kutoka chini ukalipita shina, basi kijistari kikapatikana bila kuandikwa. Kadi mia mbili na hamsini, nusu zimeshagawiwa. Nilizirudia kwa hela yangu.

Tangu hapo, nikiletewa kazi yenye kasoro ya mwandiko sikimbilii kompyuta. Naanza na swali moja: kasoro inaonekana wapi? Ikiwa ni kwenye skrini tu na karatasi ikatoka safi, mara nyingi ni programu inavyochora, acha kuhangaika. Ikiwa skrini ni safi na karatasi ndiyo mbaya, tafuta kwenye wino, rangi na unene wa mistari. Ikiwa kwako ni sawa na kwa mchapaji kumegeuka, fonti haikusafiri na faili. Ikiwa ni mbaya kote kuwili, basi kosa liko kwenye fonti yenyewe au kwenye vidole vyako.

Kabla hatujaingia kwenye dalili, jua unashika mwandiko wa aina gani. Fonti za mapambo zinazotembea kwenye kadi za mjini hapa zimetoka nyumba mbili kubwa. Ya kwanza ni mwandiko wa Kiingereza wa kalamu yenye ncha inayotanuka: ukishuka unakandamiza na mstari unanenepa, ukipanda unalegeza na mstari unakuwa unywele. Herufi zimelala upande na zimeshikana mikono. Humo wamo Edwardian Script ya Ed Benguiat (1994), Snell Roundhand ambayo Matthew Carter aliifufua miaka ya 1960 kutoka mwandiko wa Charles Snell wa karne ya 17, na Great Vibes, hii inayopakuliwa bure na kila dizaina wa Kariakoo. Nyumba ya pili ni mwandiko wa Kiitaliano wa kalamu yenye ncha pana, kama Monotype Corsiva. Herufi zake zimeinama lakini hazishikani, na mistari yake myembamba si myembamba sana. Inaonekana ya kawaida, watu wameichoka, lakini kwa uvumilivu haina mpinzani. Matatizo mengi hapa chini ni ya nyumba ya kwanza.

"Jina halisomeki"

Hili ndilo lalamiko namba moja, na lina sababu tatu tofauti. Usizichanganye, maana dawa ya moja haiponyi nyingine.

Sababu ya kwanza ni herufi kubwa tupu. Mteja anakutumia maneno kwa WhatsApp yote kwa herufi kubwa, kwa sababu hivyo ndivyo tulivyozoea kuona maandishi ya heshima: jina la kanga huandikwa kwa herufi kubwa, bango la ukumbi vilevile, na ubavu wa daladala usiseme. Wewe unanakili, unabandika, unaweka Great Vibes. Inatoka kichaka. Herufi kubwa za fonti hizi zilichorwa kuongoza neno, kila moja na kilemba chake na mkia wake, hazikuchorwa kupanga foleni. HARUSI kwa mwandiko huo ni maharusi sita wanagombea mlango mmoja. Kwenye Word, chagua maneno ubonyeze Shift+F3 mpaka ibaki herufi ya kwanza tu kuwa kubwa, kisha pitia majina moja moja. Vifupisho kama KKKT au S.L.P. usivilazimishe kuvaa mwandiko huu, vipe fonti ya kawaida.

Sababu ya pili ni ile iliyoniumbua: herufi kubwa zinazofanana. T na F, I na J, S na L, wakati mwingine H na K. Kiswahili kinatusaidia kidogo hapa. Msomaji akiona kitu kama "Jmani" jicho lenyewe linasahihisha, kwa kuwa hakuna jina linaloanza hivyo. Hatari iko pale ambapo makosa nayo ni neno. Tatu na Fatu umeshaona. Salama ikisomeka Lalama, ndugu yangu, utamweleza nini mama mkwe? Kwa hiyo kabla sijachapa, nampa kadi mtu asiyeijua hiyo familia, kwa kawaida kijana wa chai anayepita na birika, nasema soma. Akisita kwenye jina, nabadilisha.

Kubadilisha si lazima kutupa fonti nzima. Fonti nzuri huwa na maumbo mawili matatu ya herufi moja: T yenye mkia na T isiyo na mkia. Kwenye Illustrator na InDesign, programu za kuchorea na kupangia kurasa, kuna kidirisha cha "Glyphs" kinachoonyesha yote. Kwenye Word bonyeza Ctrl+D, nenda ukurasa wa "Advanced", jaribu "Stylistic sets" moja baada ya nyingine. Ikiwa fonti ina umbo moja tu, chukua herufi hiyo moja kutoka fonti ya jirani yenye mlalo na unene uleule. Mwenye jicho kali ataona. Wageni mia mbili hawataona.

Sababu ya tatu ndiyo inayonivutia zaidi, maana ni ugonjwa wa lugha yetu na mwandiko huu kwa pamoja. Andika neno *muumini* kwa mwandiko wa Kiingereza. Hesabu vijiti vya kushuka: m vitatu, u viwili, u viwili, m vitatu, i kimoja, n viwili, i kimoja. Vijiti kumi na vinne vyenye kimo kimoja, mlalo mmoja, nafasi moja, na vya kukusaidia ni nukta mbili tu juu. Ni ua wa makuti. Sasa fikiria Kiswahili kilivyojaa m, n, u, w na i kwenye viambishi: *wanamwomba*, *mnunuzi*, *muungano*, *mwanamume*. Kiingereza kina neno kama hilo moja moja, sisi tunazo tatu kwa mstari. Sentensi yote ya "wanayo furaha kukualika wewe Bw./Bi. ..." ikiandikwa kwa mwandiko huo kwa pointi 12 inakuwa ukindu uliosukwa.

Dawa ni kuubana mwandiko ubaki kwenye kazi yake. Majina ya maharusi, ndiyo. Neno *Mwaliko* juu, ndiyo. Sentensi ndefu, tarehe, ukumbi, namba za simu na lile neno muhimu kuliko yote, singo au dabo, viandikwe kwa fonti ya kawaida iliyosimama. Mtu wa mlangoni anaisoma kadi saa mbili usiku kwa tochi ya simu huku foleni inamsukuma. Mteja aking'ang'ania kwamba anataka kadi nzima "iwe ya mwandiko", mpe Corsiva au ndugu zake, na usishuke chini ya pointi 16. Kumbuka herufi ndogo za fonti hizi ni fupi sana ukilinganisha na kubwa, hivyo namba unayoiona kwenye programu inakudanganya. Great Vibes ya 18 jicho linaiona kama ndogo kuliko Times ya 12. Majina kwenye kadi ya nusu karatasi ya A4 mimi huyaanzia 40.

"Herufi zimeachana"

Mwandiko huu ni mnyororo: mkia wa herufi unaishia hasa pale ambapo inayofuata inaanzia. Ukigusa nafasi kati ya herufi, hata kidogo, pingili zinafunguka.

Angalia kwanza kama kuna mtu aliongeza nafasi ili jina lijaze upana wa kadi. Kwenye Word ni Ctrl+D tena, ukurasa wa "Advanced", "Spacing" irudi "Normal". Kwenye CorelDRAW mara nyingi ni mtu aliyevuta mshale wa pembeni kwa zana ya kurekebisha umbo bila kujua alichofanya. Ukitaka jina lijaze, likuze, usilinyooshe. Kwenye Illustrator na InDesign kuna mtego wa siri: nafasi za herufi zikiwekwa "Optical", programu inapima kwa macho yake na kuvunja miungano. Weka "Auto" kwa Illustrator au "Metrics" kwa InDesign, na tatizo linaondoka kama mchezo.

Maandishi yaliyopindishwa kwenye duara nayo huachana upande wa nje na kugongana upande wa ndani. Pinda kidogo, au usipinde.

Halafu kuna *ng'*. Majina kama Mang'ula yana king'ong'o katikati, na hapo mnyororo lazima ukatike kwa sababu kile kialama kinakaa hewani. Hilo si kosa. Kosa ni pale mteja alipoandika kwa simu akatumia alama nyingine iliyoinama upande mwingine, au fonti haina alama hiyo kabisa ikaazimwa kutoka Arial. Ifute, iandike upya kwa kibodi yako. Kisha angalia mkia wa *g* usijigonge kwenye herufi ya mbele. Ukijigonga, ongeza nafasi hapo tu, baada ya alama, ambapo hakuna muungano wa kuvunja.

"Mkia umekatwa"

Kwenye Word, tuhumu nafasi ya mistari. Ikiwa imewekwa "Exactly", programu inakata kila kinachozidi, juu na chini. Weka "At least" au "Multiple". Hali ni hiyohiyo kwenye jedwali ambalo urefu wa safu umefungwa. Ikiwa kinachokatwa ni upande wa kushoto wa herufi ya kwanza au kulia kwa ya mwisho, weka nafasi tupu moja mbele na nyuma ya jina, au panua kisanduku. Zapfino, fonti ya Hermann Zapf ya 1998 inayokuja na kompyuta za Mac, ina mikono mirefu kiasi kwamba mistari miwili ya kawaida haikai pamoja. Ukiitumia, panga kila mstari kwenye kisanduku chake.

Na kuna mkia unaokatwa na mashine ya kukatia karatasi. Mimi huacha milimita tano kati ya ncha ya mkia na ukingo. Fundi wa kukata akiwa na rundo la kadi mia tatu, karatasi hutembea.

"Kwa mchapaji mwandiko umegeuka"

Ulipanga nyumbani Tabata kwa Edwardian Script, ukapeleka faili mjini kwa flashi, ikafunguka na fonti nyingine. Kompyuta ile haina fonti yako, ikavaa ya karibu. Njia rahisi ni kupeleka PDF badala ya faili ya Word. Ya pili ni kuambatanisha fonti ndani ya faili, kwenye mipangilio ya kuhifadhi ya Word, ingawa kuna fonti ambazo mwenye nazo amezuia jambo hilo. Ya tatu ndiyo ya mafundi: geuza maandishi yawe mchoro. Ctrl+Q kwa CorelDRAW, Ctrl+Shift+O kwa Illustrator. Baada ya hapo hakuna kompyuta itakayoyageuza.

Lakini hata wewe hutaweza kuyahariri. Hifadhi nakala mbili, moja yenye maandishi hai na nyingine iliyogeuzwa, na usizipe jina moja. Kamati za harusi hubadilisha ukumbi siku yoyote, hata mashine ikiwa imewashwa.

"Tarehe imekuja na fonti nyingine" au "naona visanduku vitupu"

Fonti nyingi za bure mitandaoni ni za kuonja: zina A mpaka Z basi. Namba hazimo, mabano hayamo, alama ya *ng'* haimo. Kabla hujaipenda fonti, iandikie *0123456789 Ng'ambo & (Bw./Bi.)* uone kinachokosekana. Nyingi pia zimeruhusiwa kwa matumizi binafsi tu, na wewe unayeuza kadi si mtumiaji binafsi, hata kama duka lako ni meza moja chini ya ngazi. Great Vibes, Alex Brush, Allura, Pinyon Script na Tangerine zina leseni huria inayoruhusu kazi ya biashara, na zina namba zake. Ukiwa na hizo tano, sioni haja ya kuzunguka kwenye tovuti zinazokupa fonti pamoja na virusi.

Ikiwa umeiweka na haionekani kwenye orodha, ulifungua faili ndani ya zipu bila kuitoa, au hujafunga programu na kuifungua tena. Hakuna cha zaidi.

"Kwenye skrini ilikuwa nzuri, kwenye karatasi mistari imekufa"

Ile mistari ya unywele ndiyo uzuri wa mwandiko huu, na ndiyo ya kwanza kufa. Tazama rangi kwanza. Wateja wanapenda dhahabu juu ya karatasi ya maziwa. Printa ya kawaida haina wino wa dhahabu. Inaitengeneza kwa nukta za njano, nyekundu na nyeusi, na unywele ukitengenezwa kwa nukta unakuwa safu ya siafu. Chukua kioo cha kukuzia utaziona. Kwa mistari myembamba tumia rangi moja iliyojaa: nyeusi, au dhahabu halisi ya kubandika kwa joto. Hata hiyo ya kubandika inataka mistari iliyonenepa kidogo, na karatasi yenye mikunjo mikunjo itaiacha na mapengo.

Maandishi meupe juu ya zambarau iliyokolea yana shida ya kinyume: wino unatambaa kutoka pande zote mbili na kuuziba unywele. Ongeza ukubwa, au chagua fonti nene.

Sasa, watu wengi wakiona mistari imekonda wanabonyeza B. Usibonyeze. Fonti hizi nyingi hazina umbo nene, kwa hiyo programu inalibuni: inatanua kila kitu, matundu ya *e* na *a* yanaziba, na Tatu wako anaonekana amemwagiwa maji. Badala yake zungushia mstari wa rangi ileile wa pointi 0.2 hivi. Unywele unapata nguvu, mistari minene haibadiliki sana. Na usibonyeze I, mwandiko umeshalala, ukiulaza tena utaanguka.

Kadi ya kutumwa kwa simu ina kifo chake. WhatsApp inabana picha, na unywele unapotea kwenye ukungu. Itume kama dokumenti, au tengeneza toleo la simu lenye majina makubwa zaidi. Siku hizi wageni wengi hawaioni kadi ya karatasi kabisa, kwa hiyo toleo la simu ndilo la kuhangaikia.

"Plota inakata katikati ya jina"

Plota ni mashine ya kukatia stika, na hii ni ya stika za kioo cha nyuma cha gari la maharusi. Kwenye skrini jina ni mstari mmoja, lakini kila herufi ni umbo lake lililolala juu ya jirani yake. Plota haina macho, inafuata mzunguko wa kila herufi, na ukibandua stika unabaki na vipande. Geuza maandishi yawe mchoro, kisha yayeyushe maumbo yote kuwa moja ("Weld" kwenye CorelDRAW, "Unite" kwenye Illustrator). Tazama kwa mwonekano wa mistari mitupu kama mipaka ya ndani imeondoka. Mistari myembamba kuliko milimita mbili kwenye stika itanyofoka na mabaki, kwa hiyo inenepeshe kwanza. Kwa kudarizi kofia au fulana za kamati, fundi wa mashine atakwambia uzi wa kujaza unataka kama milimita moja. Mwandiko wa Kiingereza kwenye kofia, kwa ukubwa wa kofia, mimi huukataa.

"Bismillahi imevunjika"

Kadi nyingi za Waislamu huanza na Bismillahi juu, na hapo unaondoka kwenye mwandiko wa Kizungu unaingia kwenye khati, sanaa ya mwandiko wa Kiarabu, ambayo kwa umri na ustadi ni mkubwa wa huyu tuliyekuwa naye. Dalili ni herufi zilizosimama moja moja, tena kuanzia kushoto. Programu haijui kwamba Kiarabu hutoka kulia na kwamba herufi hubadilika umbo kutegemea nafasi yake katika neno. Photoshop na Illustrator zina mpangilio wa maandishi wa lugha za Mashariki ya Kati. Uwashe, fungua faili upya, bandika tena. Njia ya mkato ni kutumia Bismillahi kamili iliyopewa nafasi moja kama alama moja katika Unicode, mfumo unaoipa kila herufi namba yake (U+FDFD), haiwezi kuvunjika kwa kuwa haina cha kuvunja, mradi fonti yako iwe nayo. Usiikwangue kutoka picha ya mtandaoni iliyofifia.

Kabla ya kuchapa nampigia ustadhi wa mtaa wetu, namtumia picha. Mara ya mwisho alijibu baada ya dakika mbili: "Mwanangu, umeigeuza kama kwenye kioo." Ilikuwa ya kubandikwa kwa ndani ya kioo cha gari, na kweli nilikuwa nimekusudia. Lakini nilirudi kuihakiki, nikakuta majina ya maharusi sikuyageuza.